Difu Loki ya Gari la Jilala

Mikumi, Jumatatu, 4 Machi 2002

Mgongo ndio ulioniamsha, siyo jogoo. Mwaka wa saba huu nalala chini ya magari ya watu, tangu serikali itupunguze kazini kule karakana ya wilaya na kutuambia sasa ni soko huria, kila mtu ajitegemee. Nimejitegemea mpaka kiuno kimekuwa mbao.

Mchana kaja Jilala, Msukuma wa Tindiga. Huyu ni mtani wangu. Sisi Wasagara na wao tunataniana tangu enzi za mababu, na Jilala hajawahi kuingia hapa kwa adabu hata siku moja.

"Msagara, bado unapumua?" kapiga kelele kutoka barabarani. "Nimekuja na mkeka wa kukuzikia!"

"Uuze huo mkeka ununue sabuni," nikamjibu. "Unanuka zizi."

Mke wangu Devota, anayepikia madereva hapo ubavuni mwa gereji, alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

Jilala kauza ng'ombe kanunua gari la Kijapani, la juu, lililotumika huko likapitia Dubai. Siku hizi ukiwa na hela unakwenda Dar kuchagua gari kama unachagua nyanya. Gari zuri, tena la kisasa, lina kompyuta ya kuzuia utelezi. Madereva wa miradi wanaiita traksheni. Tairi moja likizunguka bure, kompyuta inalishika breki tairi lile, nguvu inahamia kwa mwenzake. Kwenye changarawe inafaa sana. Lakini kuingia Tindiga lazima ukate mbuga ya udongo mweusi, na masika ukikanyaga pale unatoka na tope zito kuliko mguu wenyewe. Jilala anataka nimfungie difu loki, ile inayoyabana matairi mawili ya nyuma yazunguke pamoja, yapende yasipende.

Nimekubali, na hela yake sitaki. Binti yangu Natalia anafundisha shule ya msingi huko Tindiga na ana mimba ya miezi saba. Ile ya kwanza, miaka miwili iliyopita, alifikishwa hospitali ya Kilosa amechelewa, wakampasua, mtoto wakamtoa amekwisha kufa. Daktari alisema mara ya pili asithubutu kusubiri uchungu kijijini, kovu halitavumilia. Mvua ikishika hakuna gari jingine litakaloingia kule. Kwa hiyo nimempa Jilala sharti moja tu.

"Natalia akianza, hata kama una magunia ya mpunga garini, unayamwaga."

"Nitamwaga mpunga, nitamwaga na mke wangu," kasema. Kisha akanishika mkono. "Nimesikia, Baba Natalia."

Alhamisi, 7 Machi

Difu nimeipata, ile mashine ya katikati ya ekseli inayogawa nguvu kwa matairi mawili. Gari la watalii lililogonga nyati mbugani mwaka jana bado limelala nyuma ya kituo cha mafuta, uso umebonyea, nyuma hakujaguswa. Ni la aina ileile, ila la zamani kidogo, halina kompyuta yoyote, lakini difu yake ya nyuma ina loki ya kiwandani, ya mota ya umeme. Mwenye gari kakubali nimfungulie injini yake, nami nichukue difu. Nimeshinda chini ya mzoga ule siku nzima, nati zimeshika kutu kama zimechomelewa. Mkono wa kulia hauinuki.

Jumamosi, 9 Machi

Nimefungua difu ya Jilala, nimeweka ya nyati. (Jilala ndivyo anavyoiita, "difu ya nyati". Anataka kuniambia kila saa kwamba itampiga pembe.)

Kazi ya difu siyo kufunga bolti. Ni meno. Unachukua bluu ya kufulia, unaichanganya na grisi, unapaka meno ya gurudumu kubwa la ndani ya difu, unazungusha, unatazama wapi yamebusiana na ya mwenzake. Alama ikikaa katikati ya jino, difu itanyamaza miaka. Ikikaa pembeni, italia njia nzima. Nimefungua na kufunga mara sijui ngapi, naongeza bati jembamba huku, napunguza kule. Macho nayo yamezeeka, ilibidi Devota aje aniangalizie.

"Katikati?" nikamuuliza.

"Katikati, karibu na huku kidogo."

"Huku wapi, mama?"

"Huku kwangu! Wewe fundi gani hujui huku?"

Alama ilikaa. Tumekula ugali baridi.

Jumapili, 10 Machi

Sikuenda kanisani. Nimelala.

Jumanne, 12 Machi

Nimemaliza nyaya. Swichi ya loki nimeipachika chini ya redio. Gari likiwa juu ya mawe, nimezungusha tairi la kushoto kwa mkono, la kulia likaenda kinyume, ndivyo difu ilivyo. Nikabonyeza swichi, mota ikalia kidogo, tak. Nikazungusha tena, safari hii yote mawili yakaenda pamoja kama ng'ombe kwenye nira moja. Niseme kweli, nilifurahi. Kwa umri huu vitu vya kunifurahisha vimepungua.

Jilala akachungulia. "Na huyu mama mkwe?" Traksheni anaiita mama mkwe, kwa kuwa inakukataza kila unapoanza kujifurahisha. "Atakaa nyumba moja na loki? Hawatagombana?"

Niliwaza kidogo. Kwenye gari la nyati hapakuwa na traksheni, kwa hiyo hapakuwa na cha kunifundisha. Nikajiambia: mmoja anazuia utelezi, mwingine anazuia utelezi, wawili ni bora kuliko mmoja.

"Watasaidiana," nikamwambia. "Wewe endesha tu."

Tumelijaribu nyuma ya soko, kwenye mchanga na shimo la taka. Limepanda bila kusita. Matope hakuna, mvua bado.

Jumamosi, 16 Machi

Masanze, mazishi ya baba mdogo. Jilala naye kaja kwa kuwa ni mtani, na mtani msibani ana kazi yake. Tumefika makaburini na jeneza, tukakuta mtu kalala kaburini amejifunika kofia usoni.

"Nimeshahamia," Jilala akasema toka chini. "Huyu mzee wenu alininyima togwa mwaka juzi. Atafute kwingine."

Wajane wenyewe walicheka huku wanalia. Ndiyo maana ya mtani, anayekuchekesha pale usipoweza kucheka mwenyewe, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Alidai jogoo. Tukampa jogoo, akatoka, akatushikia kamba za jeneza kwa heshima zote.

Nimechoka. Misiba ya ukoo huu haiishi.

Jumapili, 24 Machi

Mvua ya kwanza kule bondeni, huku Mikumi manyunyu tu. Jilala kapita kwenda kununua dizeli.

"Msagara, gari lako limerithi tabia zako. Ukiliambia twende kazini, linakaa chini linaomba togwa!"

"Gari halichapwi fimbo, Msukuma. Limekuona mshamba."

"Kweli tena. Juzi kwenye mbuga nimebonyeza loki, likasimama kunitazama."

Madereva wote pale kwa Devota wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka.

Jumapili, 31 Machi, Pasaka

Natalia amekuja na gari la Jilala. Miguu imemvimba, viatu kavaa vya mume wake Lupakisyo, ambaye yuko Mbeya masomoni. Alikaa jikoni na mama yake, na mkoba wa madaftari ya wanafunzi pembeni. Hata Pasaka anasahihisha.

"Baki hapa," nikamwambia. "Mwezi mmoja tu. Kilosa ni karibu kutoka hapa."

"Baba, tuko walimu wawili darasa la saba. Likizo yangu inaanza tarehe ishirini na tisa. Siku zangu ni za Mei."

"Siku hazisomi kalenda," mama yake akasema.

"Na mwalimu mkuu hasomi mimba, mama." Akacheka, akajishika kiuno. "Mwenzenu nimechoka. Mkianza kunigombeza nitalia, na nikilia nitatapika."

Tukaacha. Jioni aliniuliza ile loki inafanyaje kazi, maana Jilala anaisimulia kijiji kizima. Nikamweleza kwa vijiti viwili vya kibiriti. Akasikiliza kwa makini, kama yeye ndiye mwanafunzi, akasema, "Basi mimi sina wasiwasi, baba. Kama umeishika wewe."

Jumatatu, 1 Aprili

Amerudi Tindiga na Jilala. Mvua usiku kucha.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 6 Aprili

Mvua. Jilala kaja amelowa mpaka kope, gari limepakwa tope hadi vioo.

"Msagara, njoo umtoe mama mkwe wako garini. Anashika breki! Mimi nakanyaga mafuta, yeye anakanyaga breki. Nimemwambia, mama, hata mke wangu Paulina hanifanyii hivi."

"Hukujua kumsalimia vizuri," nikamwambia. "Mama mkwe anataka kitenge."

"Nitampa jembe."

Nilikuwa chini ya lori la mbao, giaboksi iko kifuani pangu, sikutoka. Alisimama kidogo pale, nikaona ndala zake tu, kisha akaondoka. Devota akaja kuniletea chai.

"Leo Jilala hakucheka," akasema.

"Amelowa. Nani acheke amelowa?"

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua. Vyombo vyote vya kukinga vimejaa, paa la gereji ni chujio. Kikohozi.

Alhamisi, 11 Aprili

Konda wa basi la Kilosa kashuka na salamu: "Fundi, Msukuma wa Tindiga amesema hivi, mama mkwe wako amekalia gari lake, na asipoondoka yeye atamrudisha kwenu kwa mkokoteni." Konda mwenyewe alishindwa kumaliza kwa kucheka. Nikamwambia amjibu kwamba mama mkwe amechoka harufu ya zizi.

Devota hakucheka. "Mara ya tatu hiyo anataja gari," akasema. "Lisemwalo lipo."

"Mama Natalia, huyu mtu alilala kaburini mwa baba mdogo akadai jogoo. Utamwamini lini?"

Akachukua ndoo akaenda kukinga maji.

Jumapili, 14 Aprili

Mvua. Sina la kuandika.

Jumatano, 17 Aprili

Nitaandika nitakavyoweza.

Leo limekuja gari la mradi wa maji, jipya, tairi limetoboka. Ndugu yake kabisa na gari la Jilala, ila hili limetoka kiwandani na vyote viwili, traksheni na loki. Dereva wake, mtu mmoja anaitwa Donati, alikuwa anaringa nalo. Akasema, fundi, tazama, akabonyeza loki. Nikaona kwenye dashibodi taa ya pili inawaka, ya njano.

"Hiyo ya nini?" nikauliza.

"Traksheni imezimwa."

"Umeizima wewe?"

"Hapana, inajizima yenyewe ukifunga loki. Zikikaa pamoja hazipatani."

Nikashika mlango wa gari la watu. Yote yalinijia kwa mara moja, na ni mambo ambayo mtoto wa darasa la saba angeyaona. Loki imeyafunga matairi mawili pamoja. Kwenye tope zito yote mawili yanazunguka. Kompyuta inaona utelezi, inashika breki. Ukishika moja umeshika yote, kwa kuwa nimeyafunga mimi mwenyewe! Halafu inainyima injini mafuta. Gari linajikaba koo lenyewe, na linajikaba pale tu kwenye tope, pale tu unapolihitaji. Kwenye mchanga wa nyuma ya soko tairi hazikuzunguka bure hata kidogo, ningeona nini?

Anakanyaga mafuta, mwingine anakanyaga breki. Jilala alinieleza neno kwa neno, na mimi nikamtuma kununua kitenge.

Dawa yake ni fyuzi moja. Unaichomoa, kompyuta ya breki inalala, gari linabaki gari. Mtu yeyote angeweza kuichomoa akiambiwa ipi. Tindiga simu hakuna. Kesho nakwenda na basi la kwanza.

Jumamosi, 20 Aprili. Kilosa

Naandikia kwenye benchi la hospitali.

Alhamisi niliteremka Masanze nikakata mbuga kwa miguu, suruali nimekunja, viatu shingoni. Maji yalinifika magotini, pengine mapajani. Nilikuwa nasema mwenyewe njiani: mwezi wake ni Mei, leo nachomoa fyuzi, kesho narudi, hakuna atakayejua. Nilishaanza hata kutunga utani wa kumpoza Jilala.

Gari nililiona kwa mbali. Limelala katikati ya mbuga, limezama hadi ekseli, milango yote wazi. Juu ya boneti ameketi Paulina, mke wa Jilala, amejifunika mfuko wa mbolea kujikinga mvua. Aliponiona akateremka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Natalia yuko wapi?"

Akaanza kulia kwanza. Nilimshika mabega, nafikiri nilimtikisa.

Uchungu ulimshika Natalia alfajiri ya siku hiyohiyo. Jilala alimwaga magunia kama alivyoahidi, wakampakia. Katikati ya mbuga gari likazama, Jilala akafunga loki. "Tairi zilizunguka kidogo, baba, halafu gari likajishika lenyewe. Akiongeza mafuta, linakata pumzi. Wanaume wakaja kusukuma, likawa vilevile. Mume wangu, Baba Shigela, alikuwa anapiga usukani kwa ngumi, analia. Sijawahi kumwona analia." Jua lilikuwa limepanda sana alipokata tamaa, akakimbia nyumbani kufunga maksai kwenye mkokoteni. Wakamlaza Natalia humo juu ya majani ya mpunga, wakazunguka kwa njia ya mashamba ya katani, kwenye ardhi ngumu, kwenda Kilosa.

"Yeye ana hali gani?"

"Alikuwa amenyamaza, baba."

Kwenye kiti cha nyuma palikuwa na khanga ya mama yake Natalia, imelowa, na siyo maji. Ufunguo ulikuwa palepale. Nikafungua kifuniko chini ya usukani, nikachomoa fyuzi ya kompyuta ya breki. Ni kidude cha plastiki kidogo kuliko ukucha. Nikawasha, nikabonyeza loki, nikasikia tak, nikakanyaga polepole.

Gari likatoka. Lilisota kidogo, matairi yote mawili yakachimba, yakashika chini, likapanda, likatembea kwenye ile mbuga kama liko uwanjani. Paulina alikuwa anatembea pembeni yangu na mfuko wake wa mbolea kichwani. "Kumbe linaweza," akasema. Hakusema kwa ubaya. Mimi nilitamani linizamie na mimi ndani.

Nilifika Kilosa jioni. Mbele ya wodi ya wazazi walikuwa wamesimama maksai wawili, bado wako nirani, wanakula maua ya hospitali, na muuguzi anawafukuza kwa karatasi. Jilala ameketi chini ukutani, tope mpaka kwenye nywele.

Mtoto amepona, wa kike. Kidogo, ametangulia siku zake, lakini analia vizuri. Natalia kizazi kilichanika. Amepoteza damu nyingi na wamekitoa kizazi chenyewe. Yuko hai. Daktari kasema mtoto mwingine hatakuwapo, na kama angefika asubuhi ingekuwa habari nyingine. Aliyasema hayo akiwa anaandika, hakujua anamwambia nani.

Nilikwenda kukaa chini karibu na Jilala.

"Ilikuwa fyuzi," nikamwambia. "Traksheni na loki hazikai pamoja. Nilitakiwa niizime. Nimeichomoa, gari limetoka."

Alikwangua tope mkononi. "Nilikwambia, Msagara."

"Nilidhani unatania."

"Nilikuwa natania. Na ilikuwa kweli. Tangu lini utani ukakosa ukweli ndani? Ningekujia na sura ya polisi, wewe mtani wangu?"

Aliinuka akaenda kuwatoa maksai kwenye maua.

Jumatatu, 22 Aprili. Kilosa

Nimemweleza Natalia. Devota, aliyefika jana, alinikataza, akasema ngoja apone, lakini nilimwona anamshukuru Jilala na kusema "ni matope tu, kazi ya Mungu," na Jilala anaitikia, "ndiyo mwalimu, matope," hanitazami. Sikuweza kuvumilia. Nikamwambia fyuzi, nikamwambia mara tatu alizonijia Jilala.

Mtoto alikuwa ananyonya. Natalia alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimesikia, baba," akasema. Akageukia ukuta taratibu ili asimbane mtoto.

Jumanne, 7 Mei

Natalia yuko hapa kwetu, Lupakisyo alikuja akakaa wiki, karudi Mbeya. Alinisalimia shikamoo asubuhi na jioni, mkwe mwema, na hakuna zaidi. Mvua imepungua. Mchuma janga hula na wa kwao, mimi wa kwangu ndio nimewalisha.

Ijumaa, 17 Mei

Hakuna kazi. Sijaitafuta.

Jumapili, 2 Juni

Mtoto kabatizwa, Selestina. Jilala na Paulina hawakuja, wanavuna mpunga. Walituma gunia la mchele.

Jumatano, 19 Juni

Jilala kaleta gari. Kasimama mlangoni. "Habari za kazi, fundi." Fundi! Nilitafuta tusi la kumchokoza nikakosa. Nimefanya kilichotakiwa kufanywa Machi: nimepitisha waya wa loki kwenye relei, kile kidude cha umeme kinachowasha na kuzima kingine, sasa ukibonyeza loki traksheni inajizima, na taa ya njano inawaka. Fyuzi nimeirudisha. Nilimwaga maji nyuma ya gereji siku mbili mpaka nikapata tope la kweli, nikalizamisha gari makusudi, nikalitoa. Nikalizamisha tena. Devota alikuja kunishika mkono akasema baba, basi, linatosha.

Jumamosi, 13 Julai

Likizo ya uzazi imekwisha, shule zimefunguliwa. Jilala kaja na gari kumchukua Natalia, kama walivyoagana. Mimi nikasema nitasindikiza. Nimeweka mizigo nyuma, godoro, beseni la mtoto, mkoba wa madaftari. Nikamfungulia mlango.

Natalia alisimama pale na Selestina mgongoni, akalitazama gari. Nikaanza kumwonyesha ile taa ya njano, namwambia, ona, sasa nikibonyeza hapa...

"Baba," akasema, "mizigo iende. Mimi nitapanda basi hadi Masanze, halafu nitatembea."

"Ni kukavu, mwalimu," Jilala akasema. "Njia ni ngumu kama lami sasa."

"Najua. Nitatembea."

Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya. Mama yake alimfunga khanga ya pili kumkaza mtoto, hakumbembeleza, akamsindikiza stendi.

Tulimsubiri Masanze. Alishuka, akatusalimia, akashika njia ya mbugani. Jilala akaweka gia ya kwanza, tukamfuata nyuma, polepole, gari lote limejaa mizigo yake na viti vitupu. Udongo umekauka, umepasukapasuka, na makovu ya matairi ya Aprili bado yamo, marefu, magumu kama mawe. Alipofika pale gari lilipozama hakusimama. Alizunguka shimo akaendelea. Mtoto alikuwa amelala, kichwa kimeegemea upande mmoja.

Watu wa mashambani waliinuka kutazama: mwalimu anatembea na mtoto mgongoni, gari zima linamfuata kama mbwa.

"Msagara," Jilala akasema, macho yapo mbele. Hajaniita hivyo tangu Aprili. "Gari lako likiwa tupu halina mfano."

Nilicheka. Kilianza kama kicheko kikaja kuwa kitu kingine, nikajifuta uso kwa mkono wenye grisi. Jilala hakugeuka. Aliendesha tu.

Tulifika nyumba za walimu jua limeanza kupoa. Nilishuka nikaanza kushusha godoro ili niwe na cha kufanya. Natalia alikuja mpaka nilipo, jasho linamtoka, vumbi hadi magotini. Akafungua khanga, akamtoa Selestina mgongoni, akanipa.

"Mshike, baba, mkono chini ya shingo," akasema. Akaenda kwa jirani kuchukua ufunguo.